Vikombe vya Sieni

Katika Punta Salada usiulize saa.
Kumi na mbili ni tarumbeta ng'ambo ya uzio,
tano ni helikopta mbili, moja inakohoa,
na mizinga ikianza kule mabondeni
vikombe vya jirani yangu Sieni Faumuina
husogea kabatini, kidogo kidogo,
kama wageni wanaotaka kuaga
wasijue waanzie wapi.
Ametandika zulia chini yake. Husogea vilevile.

Ufuoni, watalii wa Arizona,
wekundu kama kamba wa kuchemsha,
husikia mshindo, hutazama mawingu, hukunja miavuli.
Sisi hatuinui kichwa. Hata mbwa wa hapa
anaijua radi ya Mungu na radi ya serikali.

Chumba kinachoiona bahari, bei yake haisemeki.
Kinachoisikia kambi, nusu bei.
Changu kinafanya yote mawili;
mwenye nyumba alichanganyikiwa, tukaelewana.

Mji wenyewe ni barabara moja:
kinyozi, mchora tatuu, duka la rehani, kinyozi,
duka la magodoro,
kanisa lililokuwa duka la magodoro,
kinyozi.
Refugio Baeza hanyoi, anafyeka.
Dakika nne kichwa kimoja,
na nywele za majimbo hamsini hulala sakafuni,
nyekundu juu ya nyeusi, bila cheo,
mpaka ufagio uje.

Magazeti hutuambia tunayoyajua.
Pikapu zikianza kuuzwa bei ya kutupa,
pete zikijaa dirishani kwa mweka rehani,
harusi tatu zikifungwa Jumanne moja, asubuhi,
bwana harusi akitazama saa kuliko bibi harusi,
basi wanaondoka.
Wakirudi, mashuka huning'inizwa uzioni,
rangi inachuruzika:
KARIBU BABA. ANA MENO SITA.

Sieni hushona majina.
Juu ya mfuko wa kulia, herufi kubwa, uzi mweusi.
TRUJILLO. YAZZIE. OKONSKI.
Miaka ishirini na mbili, amekosea mara moja.
Kijana wa Iowa, mtoto wa mashamba ya mahindi,
bahari alikuwa ameijua wiki tatu tu.
Jina lake Halvorsen. Foleni ilifika mlango wa pili,
O na E zikapishana njiani,
akapanda ndege usiku ule akiwa HALVERSON.

Alirudi baada ya miezi saba,
amekonda, ana adabu kupita kiasi,
akaliweka shati mezani.
"Mama, nifumulie huyu.
Huyu ndiye aliyekuwa kule.
Mimi nilikuwa hapa gatini, nakula churo."

Sieni hakuuliza kule ni wapi.
Alichukua wembe, akakata uzi mmoja mmoja,
na kijana akakaa, magoti pamoja,
kama aliye kwa daktari wa meno.
Malipo alikataa. Jina jipya kijana hakulitaka;
alitoka na shati lenye matundu madogo madogo
mahali palipokuwa na mtu.

Kile kitambaa kimo katika kopo la vifungo mpaka leo.
Ukilitikisa, vifungo hulia.
Chenyewe kimya.

Tangu Jumatatu kambi imenyamaza.
Barabarani unaweza kuvuka bila kutazama.
Refugio amelala kwenye kiti chake cha kunyolea,
gazeti usoni,
na watalii wanausifu utulivu wetu,
wanauliza kama kuna nyumba inayouzwa.

Mazoea yana taabu.
Saa nane ya usiku, kupitia ukutani,
nasikia bawaba ya kabati,
kisha kauri ikigusa kauri.
Anavisogeza mwenyewe,
kidogo kidogo,
kwa kidole.