Fundo

Bahari iliingia bonde lao la mpunga, mara hii haikutoka.
Wakaja Ole na magodoro, na kuku waliofungwa miguu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Majembe walikuja nayo.
Pa kulima ndipo hawana.

Siku ya tisa Bi Time akaifunga kamba ya kisima
kwa fundo la kufungia ng'ombe.
"Maji yana wenyewe."
Tukanyamaza, ndoo zetu zimejaa.
Watoto wetu wakawaita wachumvi; hatukuwakanya.

Kisha kitoto cha Mbwana Shaame kikafa kwa surua,
tukakizika nyuma ya skuli, ubavuni mwa babu zetu.

Tangu hapo hatuwaulizi: mwarudi lini?

Fundo lingalipo.
Kila alfajiri twalikuta limelegea,
na hakuna amtajaye mtu.