Mshipi Usivuke Katikati

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba.
Nguba bado imejifunika ukungu hadi shingoni.
Nashuka na mwanzi wangu, kopo la minyoo,
na mkate wa jana katika koti la marehemu kaka.
Ruzizi inatoka ziwani bila kuaga.

Hapa hakuna bango. Sheria ziko miguuni.
Jiwe lenye alama ya chaki ni la Zihindula, fundi saa,
hata siku asipokuja: linabaki tupu,
linalowa, linamngoja.
Ukifika wa pili, simama maji yanakokwenda, si yanakotoka,
chambo chako kisije kikamtangulia mwenzako mlangoni.
Salimia kwa kidevu.
Usiulize "wangapi?" Ukitaka kujua,
tupia ndoo jicho la pembeni,
kama unavyotazama sahani ya jirani matangani.

Na mshipi usivuke katikati.
Katikati ndipo nchi inapoishia.
Ng'ambo ni Rwanda: migomba ileile, ukungu uleule,
na mtu mmoja wa kofia ya sufi nyekundu
ambaye sijawahi kuisikia sauti yake.
Miaka minne.
Mpaka ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa;
sisi tuliinuliana videvu.

Jumanne hiyo akaja kijana, Murhula wa Kadutu,
na fimbo mpya ya mashine, inayolia kriii,
akarusha kama anayetupa deni.
Mshipi ukapita juu ya wangu, ukapita katikati,
ukamvaa yule wa ng'ambo.
Fundi saa aliguna. Kwetu sisi, hilo ni tusi zima.

Mishipi ikivurugana, kila mtu aache kuvuta.
Mwenye kosa alegeze kwanza.
Murhula akavuta.
"Legeza."
"Kuna kitu! Kizito!"
"Legeza, baba."

Akalegeza, machozi karibu.
Wa ng'ambo akavuta polepole, nyuzi tatu kwa pamoja,
akapiga magoti topeni, akaanza kuzifumua
kwa vidole vya mtu aliyewahi kusuka nywele za binti.
Na mwisho wa fundo, samaki kweli:
tilapia jike, ndoano imemdaka ubavuni,
kinywa kimefumbwa.

Hakula chambo, huyo. Mwenye watoto kinywani hali.
Anafunga siku nyingi, njaa yake ndiyo ukuta wao.
Tunamjua kwa taya lililojaa.
Ukimbana atawatema wote.
Usimbane.

Kilo moja na nusu, pengine.
Murhula alikuwa akihesabu franki kwa midomo.
Kofia nyekundu akamwinua kidogo, akatutazama,
anauliza.
Wa nani, basi? Ndoano ya Bukavu, mkono wa ng'ambo,
na maji ambayo hayajawahi kuonyesha kitambulisho.
Nilitaka kupaza sauti. Lakini darajani kulikuwa na askari,
na mimi pia kinywa kilinijaa:
yule kaka mwenye koti, mwaka ule, njia ile;
ningefungua, yangetawanyika yote mtoni.
Nikainua kidevu. Nikakishusha.

Akamlaza majini kwa mikono miwili,
akangoja mkia ukumbuke.

Kisha akakata uzi palipostahili kukatwa, hapo tu,
akafunga kijiwe, akaturushia.
Ndoano yangu ilirudi na fundo nisilolijua:
mizunguko saba, ncha imelazwa ndani.
Usiku nalifungua mbele ya kibatari, nalifunga tena.
Mara kumi na moja sasa. Mzunguko wa sita unanishinda.

Murhula siku hizi anawahi.
Anasimama maji yanakokwenda. Mashine ameitia mafuta, hailii.
Juzi alipata kambale, hakusema neno.
Nikaitupia ndoo yake jicho la pembeni.
Wawili.