Somo la Jumatano, Kaliua

Kitabu kinasema kwa mstari mmoja:
Waheloti walilima, Wasparta walipigana.
Kisha ukurasa unageuka.
Nikabaki nimesimama, chaki mkononi,
kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Nje mabani yanafuka. Ni Machi.
Harufu ya tumbaku inayokaushwa kwa kuni za miombo
inaingia darasani bila hodi,
inakwenda kukaa dawati la nyuma
na Yotamu Sentozi, ambaye vidole vyake,
asugue kwa sabuni ya kipande, asugue kwa mchanga,
vina utomvu mweusi usiosikia maji.

Nikaongeza yasiyomo kitabuni:
kwamba walivishwa kofia za ngozi ya mbwa
ili hata kwa mbali ijulikane nani ni wa nani;
kwamba nusu ya shayiri, nusu ya zeituni
ilikwenda kwa mtu asiyejua mpini unavyochubua;
kwamba kila mwaka, wakubwa wapya wakishaapa,
walitangaza vita juu yao,
vita rasmi, juu ya watu wenye majembe,
ili kumuua mlimaji kusiwe dhambi.

Darasa likacheka zile kofia.
Kalunde akauliza kama mbwa walitosha.

Nikasimulia wale elfu mbili
walioambiwa: jitokezeni, mliotupigania vyema,
leo mnakuwa huru.
Wakavikwa mataji ya majani,
wakazungushwa kwenye mahekalu,
wengine, nadhani, wakitafuta wake zao kwa macho,
na baada ya hapo hakuna aliyewaona tena.

Kimya. Yotamu akanyoosha kidole cheusi.
"Mwalimu, ulikuwa msimu gani?
Na kama mazao yalikuwa bado shambani,
nani alivuna?"

Sikujua. Walioandika hawakuandika msimu.
Nikasema tutaendelea Ijumaa.

Baba yake alitoka Kasulu kwa ahadi ya mdomo:
debe la unga kila mwezi,
fedha mwisho wa msimu, tumbaku ikishapimwa.
Si utumwa. Njia ya kurudi kwao iko wazi.
Mwaka jana, baada ya mizani na makato,
alionekana bado anadaiwa,
akaanza msimu mwingine ili amalize deni.
Si utumwa, nasema,
na ninajisikia nikisema.

Jioni nilipita banini.
Alikuwa amechutama mbele ya tanuri, anachochea,
macho mekundu ya usiku wa nne.
"Shikamoo, bosi," akasema,
mtu anayenizidi miaka kumi.
Nikaitikia.

Nyumbani nikafungua daftari.
Mwandiko ni wangu, ule ule wa ubaoni:
chumvi, sabuni, betri za tochi, dawa ya mtoto.
Juu ya jalada, pa kuandika jina,
niliandika: *Mha wa bani*.

Nikachukua kalamu.
Nikafuta betri.
Betri tu.
Chumvi nikaiacha.