Sikuteleza

Kwenye faili la zahanati ya Ibra
imeandikwa: ameteleza bafuni.
Nesi kutoka Kerala aliisimamisha kalamu,
akautazama mkono wangu, akalitazama jicho,
akamtazama yeye aliyenishikia mkoba
kwa upole wa mtu anayeonekana.
Kisha akaandika nilivyosema.
Mimi ndiye niliyesema.

Wahenga wana neno: kuteleza si kuanguka.
Nami ninalo langu, miaka minne baadaye:
sikuteleza, wala sikuanguka.
Nilisukumwa.

Tulikutana Sufala, sebuleni kwa ami yake,
kahawa imemiminwa, halwa haijaguswa,
kiyoyozi kinakoroma kama mzee mwenye pumu.
Hakimu hakuwapo. Ya hakimu yalikwisha mwezi wa Shaabani;
talaka ninayo, nimeikunja kwenye bahasha
pamoja na picha ya mfupa.
Hiki kilikuwa kikao kingine.
Bi Thuraya, aliyekiita, alisema mapema:
"Sikuja kuwarudisha nyumba moja.
Anayetaka kufunika kombe, mlango ule pale."

Nikacheka moyoni.
Kombe tulilifunika miaka kumi na mmoja,
mama yake na mama yangu wakalikalia juu,
na mwanaharamu hakupita.
Alikuwa na ufunguo.

"Shinuna," akaniuliza, "wewe unataka nini?"
Mie! Niliyekuwa siulizwi hata rangi ya pazia.

Kabla sijajibu Zahran akasimama.
Akaomba radhi kwa Kiarabu,
Kiarabu cha wizarani, kilichopigwa pasi,
hakina kunyanzi hata moja.
Ami zake wakatikisa vilemba. Mama yake akatoa leso.

Nikasema: Hapana.
Hukunipiga kwa Kiarabu.
Mbwa uliniita kwa Kiswahili,
lugha aliyokubembelezea mama yako huyu.
Itumie hiyo hiyo.
Ulipoichafua, uisafishe.

Kimya. Kikombe kikagusa kisahani.
Akaanza, ulimi unamkwama kama mtoto wa chuoni:
"Nili... nilimsukuma.
Akiwa chini nikamkanyaga mkono.
Garini nikamfundisha la kumwambia daktari.
Nilizunguka kipilefti mara tatu
mpaka akalisema bila kulia."

Mama yake akaiweka leso mapajani. Hakuitumia.

Bi Wadhha wa nyumba ya pili, hakuna aliyemuuliza, akasema:
"Na mimi nilikuwa naongeza sauti ya televisheni."
Akarudia, kama anayehesabu deni:
"Naongeza. Naongeza. Mpaka mwisho."

Sikusema nimesamehe.
Bi Thuraya hakuniomba,
na wengine walipofungua midomo aliwanyooshea kiganja.
Msamaha si nauli, alisema,
kwamba asiyelipa hatoki humu.

Wakaandika: gharama za kuunyoosha mkono, juu yake.
Mtaani kwetu hapiti ila kwa idhini yangu.
Kila Jumanne aende Maskati, kwenye darasa la wanaume
wanaojifunza kuitaja hasira kabla haijapata mikono.
Ataenda? Sijui. Jumanne ni nyingi.

Mwanangu Almundhir alikuwa mlangoni na jagi la maji.
Alisikia yote. Hakulimwaga.
Huyu, tangu ana miaka sita, hulala na viatu,
kamba zimefungwa, tayari.
Usiku ule nilipita kumfunika shuka.
Alikuwa amevua kimoja.

Nami bado, mlango wa jirani ukibamizwa na upepo,
nainua kiwiko kukinga uso,
halafu najikuta jikoni peke yangu,
mkono hewani, limau limebiringika chini ya jokofu.
Kukamua siwezi. Nalikanyagia kisu, nalinyonya hivyo hivyo,
kali, la kwangu.

Jumapili asubuhi nilirudi zahanati.
Nesi yule yule, mvi zimemwanza.
Nikamwambia nataka faili langu lisahihishwe.
Hakuniuliza nini.
Alivuta kiti, akaufunga mlango,
akachukua kalamu.