Ndoo ya Wilf

Usiifunue bado, Kacper. Rudisha mkono mfukoni.
Najua ni ndoo kuukuu tu ya makaa,
imetoboka kitako, nimeiziba kwa kigae,
nikaipindua juu ya shina la rubarbi.
Samadi hiyo ya farasi niliyoizungushia,
hiyo inayokufanya uzibe pua,
ndiyo blanketi lake.

Hapa Wakefield mwezi wa pili hauna rangi.
Kuanzia uzio wa reli hadi kibanda cha Bwana Lumb
ni tope, na mabua ya kabichi yaliyooza.
Lakini humo ndani kuna kitu kinapanda,
kinanyoosha shingo kama aliyechelewa,
kinatafuta jua ambalo nimelificha.

Ni ulaghai, naam. Sina jina jingine.
Kwanza nililiacha lipigwe na jalidi,
majani yakanyauka, likalala fofofo,
ndipo nikalifunika, nikalinong'oneza
kwamba baridi imekwisha.
Mwanga ungelipa bua gumu la kijani,
chachu ya kukunja uso kuushinda ukwaju.
Giza hulipa ulaini.

Wilf hakuupenda mchezo huu.
Miaka thelathini na mmoja alishuka mgodini alfajiri
akatoka magharibi imeshaingia;
wakati wa baridi aliliona jua Jumapili tu.
"Mavis," alisema, "mtu hafungi kiumbe gizani
halafu akakisifia ulaini."
Alinilimia. Alinibebea samadi.
Ila siku ya kufunika
alikwenda kunywa chai kwa dada yake.

Ndoo hii ni yake. Sikumwomba ruhusa.
Mwaka ule wa kwanza bila yeye
niliipindua, kisha nikatazama nyuma.

Sasa piga goti, hapo penye gunia.
Weka sikio kwenye bati. Usipumue.
Tak.
Umesikia? Kama kidole kilichoalika.
Ni chipukizi linapasua ganda lake.
Tak, tena.
Nina miaka sabini na nane, na bado moyo huniruka.

Haya. Wiki tano zimetimia. Inua wewe.

Ee, ona!
Waridi hadi shingoni,
na majani ya manjano yamekunjamana
kama ngumi ya mtoto aliyezaliwa usiku.
Hapana, kisu weka. Halikatwi.
Shika chini kabisa, zungusha kidogo, vuta;
likiwa tayari litakufuata.
Majani tupa, yana sumu.
Bua chovya kwenye sukari, nimekuja nayo mfukoni.

Haya matatu mpelekee mama yako.
Mwambie asilipike sana, litayeyuka awe na uji.

Na mwakani usije kuniuliza. Hatulifuniki.
Shina lililotumikishwa gizani
hupewa miaka miwili ya jua, bila kuguswa,
lirudishe nguvu zake.
Ndiyo kanuni. Kila mkulima wa huku anaijua.
Wilf hakuna aliyempa hata mmoja.

Nipe hiyo ndoo. La, si kibandani.
Iache hapo nje, mdomo juu,
ipigwe na jua kidogo.