Kabla Hujalipa, Subilaga

Usinipe hela kwanza. Kaa hapo kwenye ndoo,
mvua ya Tukuyu haina haraka na wewe huna mwavuli.

Kamera yenyewe hii.
Juzi tuliiweka kwenye mizani ya Mama Anyitike,
robo ya sukari ikaizidi, wateja wakacheka.
Inaingia mfuko wa koti,
na mtu asiyeiona hajinyooshi kama nguzo ya umeme.

Lakini inachelewa, nisikufiche.
Ukibonyeza inafikiri kwanza, kama karani wa ardhi;
mlio ukija, mpira umeshatolewa wavuni,
bibi harusi ameshafumba macho.
Ndoa ya Gwakisa nina picha kumi na nne za kope.

Baridi haiiwezi. Mwezi wa sita
betri inakufa ingali na vistari viwili;
ilaze kwapani mpaka chai ichemke,
itakupa picha sita, saba ukiiomba vizuri.
Na tarehe zake usiziamini: kila ikizimika
inarudi Januari mosi, elfu mbili na tisa,
kwa hiyo watu wangu wote,
waliobatizwa na waliozikwa,
ni wa siku moja.

Kwenye ukungu inahangaika, mbele, nyuma,
mbele, nyuma, lenzi ikikoroma,
mwisho inapiga ukungu wenyewe,
na huo, nikiri, inaupiga vizuri sana.

Mlima Rungwe niliujaribu mara ngapi!
Ulitoka kichuguu.
Haivuti mbali; ukiilazimisha inatoa chenga kama dona.
Ikabidi miguu yangu ndiyo ivute.
Nikazoea kusogea, hatua moja, mbili,
hadi nisikie mtu anavyohema,
hadi anisalimie nami nimwitikie.
Sasa niambie, hilo niliweke upande gani wa mizani?

Simu yako inaona kuliko hii, najua.
Usiku, taa yake inawapaka watu unga.
Lakini haipigiwi.
Siku baba aliponionyesha mipaka ya migomba,
jiwe kwa jiwe, akikohoa,
hakuna aliyemkatiza kupitia mkononi mwangu.

Elfu thelathini. Chaja hii hapa,
na kimkoba nilikishona mwenyewe.
Kadi iliyomo naitoa;
yako utanunua kwa Lwitiko, pale stendi.

Mvua imekatika.
Hebu simama mlangoni kidogo, Subilaga,
nione kama bado inachelewa.