Usukani Kabatini

Uliletwa umefungwa kwa leso, kama mtoto mchanga.
"Usinikunjie uso, fundi," akasema mwenyewe,
Muuguzi Jerotich, mstaafu, wa huko Njoro,
na Pijo yake ya mwaka sitini na saba
aliyoiacha nyumbani juu ya mawe, haina cha kuigeuza.

Nikaufungua mezani, karakana yangu ya Shabab.
Nyufa saba. Nikahesabu tena: nane,
wa nane mwembamba kama unywele, umejibanza nyuma ya spoki.
Jua la miaka lilikuwa limeikausha plastiki
hadi ikaachana na chuma kilichomo ndani,
kila mmoja na hamsini zake.

"Sitaki uwe mpya. Nataka uache kunifinya."
Akanionyesha kidole cha shahada, ncha yake ngumu kama ukwato:
kila akikata kona, ufa hufunguka,
kona ikiisha, hujifunga na ngozi yake.

Methali inatuhimiza tuzibe ufa.
Haisemi kwamba kwanza tuupanue.
Nikashika msumeno wa chuma, nikakata kwa mshazari,
nikachimba hadi kwenye kutu, nikaikwangua kutu,
na mwenye mali ameketi palepale, anapuliza chai,
anahesabu kila mkwaruzo kwa kope zake.
Takataka za nyufani nilizikung'utia gazetini:
nta, jasho lililogeuka lami, unga wa kijivu.
Akasogea, akagusa kwa ukucha.
"Hii ni Molo," akasema. "Mvua, usiku, mapacha.
Wa pili alikuja na miguu."
Akagusa chembe nyingine. "Hii siijui."

Gundi yangu hutoka mirija miwili, nusu kwa nusu.
Ukiupunja mmoja hata kwa tone
itabaki tepetepe hadi kiama, na mteja atakujua ulivyo.
Nikachanganya kwa kijiti cha aiskrimu, nikashindilia,
nikaacha kutwa na kucha.
Kisha msasa: themanini, mia mbili arobaini,
mia sita na maji,
nimefumba macho, maana jicho husamehe
kilima ambacho kidole gumba hakisamehi.

Rangi ndiyo iliyoniumbua.
Huu ni mji wa vumbi, upepo wa Menengai hauna adabu.
Mkono wa kwanza wa rangi ukaota chunusi.
Nikaparua. Wa pili, nzi akatua, akaamua kufia pale.
Nikaparua. Wa tatu niliupakia nyumbani,
mlango umefungwa, sakafu nimeinyunyizia maji,
nikautundika kabatini kwa kiango
kati ya koti langu la harusi na joho la kwaya la Nasambu.
Siku tatu nikamwambia asifungue, kuna panya.
Jumapili sauti ya pili yote ilimkwepa,
mke wangu akiimba utukufu, ananuka karakana.
Sikujuta.
Nilijuta kidogo, Jumatatu, chakula kilipochelewa.

Nikaenda Njoro kuufunga mwenyewe, nati moja, ngumu.
Jerotich akaingia, akavuta kiti mbele.
Mikono yake ikashika mahali pake bila kuulizwa,
kidole gumba kikatambaa, kikarudi, kikatambaa tena.
"Ulikuwa hapa," akasema.
Nikajibu, "Saba nimeziba. Wa nane haujafika kwenye chuma,
nimeuacha. Ukikua, unipigie."
Hakusema asante. Alihesabu noti mara mbili,
akaongeza mia, akairudisha pochini,
akaitoa tena.

Pijo ikakohoa, ikawaka, ikateremka njia ya mipareto.
Nikabaki getini na spana mkononi, nikimtazama kwa nyuma
kupitia kioo chenye ukungu.
Kwenye kona ya kwanza usukani ukazunguka laini,
mweusi, unang'aa, hauna meno,
na yeye, kabla haujageuka,
akakiinua kidole cha shahada.